Gari la heshima Malindi: usilipie uso, kagua chesisi

Gari kubwa likisimama mbele ya msikiti siku ya Ijumaa au kwenye uwanja wa harusi, watu hutazama vitu vitatu: nembo, rimu na herufi za namba ya usajili. Chumvi ya bahari haitazami hata kimoja. Inaingia kwenye matundu ya chesisi, inakaa juu ya paipu za breki, inalala ndani ya mikunjo ya milango, na kazi yake huonekana miaka miwili mitatu baadaye, pale fundi anapoweka jeki ikazama kwenye chuma kilichooza. Mwongozo huu ni wa mtu wa Malindi, Watamu au Mambrui, au anayeenda na kurudi Lamu, anayetaka gari la kumpa heshima na ana nia ya kukaa nalo. Kutaka gari zuri si kosa. Kinachouma ni mtu kuuza shamba ili anunue bampa.

Sura ilivyotenganishwa na gari

Biashara ya kuuza gari kwa sura yake ilipikwa Marekani, na kuijua kunasaidia sokoni. Kampuni ya Ford ilipotoa Model T mwaka 1908 ilikuwa inauza usafiri: gari moja kwa watu wote, na kwa miaka mingi rangi moja tu, nyeusi. General Motors chini ya Alfred Sloan ikapanga ngazi: Chevrolet kwa anayeanza, kisha Pontiac, Oldsmobile, Buick, na juu kabisa Cadillac. Mtu akipanda cheo kazini alipanda na gari, na jirani akaona. Tangu 1919 kampuni hiyo ilikuwa na tawi lake la kukopesha wanunuzi, kwa hiyo hata asiye na fedha taslimu aliweza kupanda. Mwaka 1927 ikafungua idara ya kushughulikia sura ya magari chini ya Harley Earl, na kuanzia hapo gari liliweza kuvishwa uso mpya huku chesisi na injini zikibaki zilezile. Cadillac ya 1948 ilitoka na mapezi madogo nyuma. Ya 1959 mapezi yalikuwa yamesimama kama ya papa. Hayakuongeza kasi wala nguvu. Yaliongeza jina la mwenye gari.

Mchezo huo wa kubadili uso na kuacha mwili ndio unaochezwa leo kwenye Prado. Toyota ilitoa Prado 150 mwaka 2009, ikalibadilisha uso 2013, ikalibadilisha tena 2017. Chini ni gari lilelile. Kwa hiyo fundi wa bodi anaweza kuchukua Prado la 2010, akalivisha boneti, grili, taa, bampa na madigadi ya mbele ya 2018, na likapendeza kweli. Hakuna ubaya mwenye gari akilifanya kwa raha zake. Ubaya ni pale bei inapofuata uso badala ya mwaka.

Uso wa kupandikiza hujulikana hivi. Fungua boneti utazame vichwa vya boliti zinazoshika madigadi na bawaba za boneti: boliti ambayo haijaguswa tangu kiwandani ina rangi ya bodi isiyo na mkwaruzo kwenye pembe zake, iliyoguswa na spana huacha chuma wazi, na hapa pwani chuma hicho hugeuka rangi ya chungwa upesi. Pitisha kidole kwenye mwanya kati ya boneti na digadi, kulia na kushoto. Uwe sawa toka mwanzo hadi mwisho. Ingiza tochi nyuma ya taa za mbele: waya zilizokatwa na kuunganishwa kwa tepu nyeusi zinakuambia kwamba taa hizo si za gari hilo. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, kwa kuwa mara nyingi kitambaa chake kina lebo yenye tarehe ya kutengenezwa, na mafundi wa uso hawaigusi. Halafu soma namba ya chesisi. Herufi za mwanzo hutaja injini: TRJ150 ni ya petroli lita 2.7, GDJ150 ni ya dizeli lita 2.8. Injini hiyo ya dizeli ilianza 2015, kwa hiyo anayekuuzia GDJ ya 2012 ama hajui ama anakudanganya.

Na namba ya usajili isikupeleke mbio. KD au KC husema gari lilisajiliwa Kenya lini. Haisemi lilitengenezwa lini.

Ukitaka la Kimarekani lenyewe

Heshima ya barabarani Marekani imehamia kwenye pikapu na magari makubwa. Ford F-Series imeongoza mauzo ya pikapu huko tangu 1977, na Cadillac ilitoa Escalade 1998. Ukiwa Malindi, swali la kwanza ni usukani. Kenya husajili magari ya usukani wa kulia, na ya usukani wa kushoto hayapokewi ila kwa ruhusa maalumu. Tena gari lililotumika halivuki bandari likizidi umri wa miaka minane. Pikapu nyingi kubwa za Kimarekani hutoka kiwandani na usukani wa kushoto tu. Yanayotoka kiwandani na usukani wa kulia ni machache, na ndiyo ya kutafuta: Jeep Wrangler, Jeep Grand Cherokee, na Ford Mustang kuanzia toleo la 2015. Hummer H3 za usukani wa kulia zilitengenezwa Afrika Kusini, lakini uzalishaji ulikwisha zamani, kwa hiyo hiyo utaipata kwa mtu aliye nayo tayari nchini.

Jihadhari na gari lililohamishwa usukani gereji. Kiwanda kikijenga usukani wa kulia hubadilisha ukuta wa injini, mfumo wa breki na dashibodi nzima. Gereji mara nyingi huacha silinda ya breki upande wa kushoto, ikaiunganisha na pedali ya kulia kwa fimbo ndefu inayopita nyuma ya dashibodi. Fimbo ikilegea, pedali hushuka na breki hukawia. Kaa kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa inanguruma, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie nusu dakika huku mwenzako akitazama chini ya dashibodi kwa tochi. Pedali isizame na fimbo isipinde. Washa waipa pia: zikiacha pembe chafu mbele ya dereva wakati abiria anaona vizuri, usukani umehamishwa na waipa zimeachwa.

Taa za mbele ndizo watu husahau. Gari la Marekani hurusha mwanga upande wa kulia wa barabara. Hapa kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga huo humwingia machoni anayekuja. Usiku simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, washa taa za mbele kwa mwanga wa chini (dim): ukingo wa juu wa mwanga uinuke kuelekea kushoto. Ukiinuka kulia, taa zinabadilishwa zote mbili, na kuziba kwa stika si dawa ya kudumu. Kioo cha mwendo nacho huandikwa maili. 60 za pale ni karibu kilomita 97 kwa saa.

Kabla hujatuma hata senti, soma herufi 17 za namba ya chesisi. Ikianza na 1, 4 au 5 limetengenezwa Marekani, 2 Kanada, 3 Meksiko. Herufi ya kumi kwa magari ya huko ni mwaka wa toleo: J ni 2018, K 2019, L 2020, M 2021, N 2022, P 2023, R 2024. Mwaka wa toleo unaweza kutangulia mwaka wa kalenda, kwa sababu toleo la mwaka ujao huanza kuuzwa kabla mwaka huo haujaingia. Ingiza namba hiyo kwenye huduma ya bure ya VINCheck ya NICB, shirika la Marekani linalopambana na udanganyifu wa bima, uone kama bima ililitangaza kuwa limeharibika kabisa. Gari lililozama kwenye mafuriko ya kimbunga husafishwa likang'aa, lakini tope hubaki kwenye reli za viti na mwishoni mwa mikanda. Hilo usilichukue kwa bei yoyote ile, maana chumvi yetu itamalizia kazi iliyoanzwa na maji yale.

Ukaguzi wa chini, hatua kwa hatua

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa gari, kuingia ndani ni kulala chini yake.

Nenda asubuhi na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Beba tochi kali, bisibisi bapa, sumaku iliyofungwa kitambaa laini, kioo kidogo cha mkononi na kadibodi ya kulalia. Gereji yenye shimo ni bora. Pasipo shimo, jeki peke yake haitoshi: weka stendi, na usiingie chini mpaka umelitikisa gari likabaki imara.

Anzia nyuma. Chesisi huoza zaidi pale inapojipinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwa sababu tairi hurusha mchanga wa pwani humo na matundu ya kutolea maji yakaziba. Ingiza kidole kwenye tundu. Ukitoa mchanga mbichi, ujue ndani chuma kinaoga kila siku. Gonga kwa mpini wa bisibisi toka nyuma kwenda mbele, kila sentimita 20: chuma kizima hulia, kilichooza hunong'ona. Pale sauti inapofifia, sukuma ncha ya bisibisi. Kutu ya juu juu, ya unga, inasuguliwa ikaisha. Kutu inayobanduka kwa magamba kama gome la mkoko imekula nusu ya unene, na kuchomelea bati juu yake hakurudishi nguvu, kwa kuwa bati linashikwa na kitu kinachokufa.

Kisha fuata paipu za breki kwa kioo, hasa zinapopita juu ya ekseli na chini ya vishikizo vya plastiki. Paipu hizi ni nyembamba, na hutoboka siku unapokanyaga breki kwa nguvu, ndiyo siku unayozihitaji. Ukiona mavimbe ya kutu, hesabu bei ya kubadilisha zote. Kuunga kipande ni kuahirisha. Tazama vilevile kishikio cha tairi la akiba, mshono wa tangi la mafuta na ukingo wa chini wa kila mlango. Pitisha sumaku juu ya matao ya magurudumu: isiposhika, chini ya rangi kuna puti, na puti huficha shimo.

Ukikuta sehemu ya chini imepakwa lami nyeusi mpya, inang'aa, gari likiwa na umri wa miaka kumi, simama hapo. Lami juu ya kutu hufunga unyevu ndani na kutu huendelea gizani. Omba ruhusa ya kukwangua sehemu tatu, upana wa kidole gumba kila moja. Muuzaji akikataa, umepata jibu lako.

Magari yenye hewa badala ya springi, kama Range Rover na baadhi ya Mercedes, yana kipimo chake. Jioni pima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao, pande zote nne, uandike. Asubuhi pima tena kabla ya kuwasha. Kona iliyoshuka zaidi ya sentimita 1 inavuja, na puto moja likivuja kompresa hufanya kazi kupita kiasi hadi nayo ife.

Injini fundi wako anaijua. Hapa tutaje mambo mawili ya kwetu tu. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na rejeta iliyojazwa maji hayo huziba na kuoza toka ndani. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi: maji yawe na rangi ya kupozea, kijani au pinki, yasiwe ya kahawia. Mchanganyiko ni nusu dawa ya kupozea, nusu maji yaliyochujwa ya betri. La pili ni ubaridi wa kiyoyozi (AC). Weka kipima joto mdomoni mwa tundu la katikati, gari likiwa kivulini, feni kati: baada ya dakika kumi kisome nyuzi 10 au chini. Kikiganda kwenye 18, mara nyingi kondensa ya mbele imeliwa na upepo wa bahari na gesi inatoka.

Ulaji wa mafuta usiuulize, upime. Jaza tangi hadi pampu ikatike, nenda Mombasa na kurudi, karibu kilomita 240, jaza tena pampu ileile. Likiingia lita 34, gari linakwenda kilomita 7 kwa lita. Gari linalokushinda mafuta huishia kusimama uani, na kwenye hewa hii gari lililosimama huoza haraka kuliko linalotembea.

Kromu na rimu

Kromu ndiyo dhahabu ya magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950, na ndiyo inayoteseka zaidi ufukweni. Tabaka la kromu lenyewe ni jembamba kupita unyoya, halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli chuma. Chumvi hupenya kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho, inafika kwenye chuma, na kutu inasukuma kutoka ndani. Inamisha uso karibu na bampa, tochi ikiwa pembeni: utaona vipele vidogo mfano wa ukucha uliochomwa na sindano, kila kimoja na doa la kahawia katikati. Vipele vichache vinasuguliwa kwa karatasi ya foili iliyokunjwa na kuloweshwa maji, taratibu, kisha kuoshwa, kukaushwa na kupakwa nta. Msasa na sufi ya chuma visiguse kromu kamwe; vinaongeza njia za chumvi. Pale kromu inapobanduka kama gamba la samaki, hakuna dawa ya chupa. Magari mapya mengi grili yake ni plastiki iliyopakwa, hiyo haioti kutu ila hupauka na kumenyuka.

Rimu kubwa za inchi 20 na zaidi zilivuma Marekani miaka ya 1990 na 2000, zikiandamana na muziki wa hip-hop, na vijana wa hapa wamezipenda. Fanya hesabu kabla ya kununua. Prado la tairi 265/65R17 lina ukuta wa mpira wa milimita 172 na kimo cha jumla cha milimita 776. Ukiweka 265/50R20 kimo kinakuwa 773, kwa hiyo mwendo kwenye kioo haubadiliki kwa kuonekana. Lakini ukuta umebaki milimita 132. Sentimita 4 za mpira zimeondoka, nazo ndizo zilizokuwa zikimeza mashimo ya njia ya Marafa. Tena kwenye mchanga wa Mambrui tairi la inchi 17 unalishusha upepo hadi 18 au 20 psi ukapita. La inchi 20 ukilishusha hivyo rimu inagonga chini na ukingo unapinda.

Ukishaamua, Prado hutaka rimu ya nati 6 kwenye duara la milimita 139.7 na tundu la katikati la 106. Tundu likiwa pana zaidi, tia pete ya kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukifika kilomita 80 hadi 100 kwa saa na utamlaumu fundi wa balansi bure. Kaza nati kwa spana ya kipimo, Nm 112, kwa mtindo wa nyota, urudie baada ya kilomita 100. Tazama tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la rafu ya duka lililokaa miaka sita kwenye joto la Malindi si jipya, hata kama halijaguswa lami.

Karatasi

Malindi kuna magari mengi ya wageni walioondoka, yanauzwa na walinzi, madalali na marafiki. Mengine ni mazuri sana. Lakini uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, huanzishwa na mwenye gari mwenyewe kwa akaunti yake, kwa hiyo kama hapatikani, unanunua ufunguo tu. Chukua kumbukumbu za gari kwenye mfumo huohuo, ulinganishe namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye chuma, isiwe ya kwenye stika. Jina la benki likiwa pamoja na la mwenye gari, deni halijaisha. Fedha zitoke uhamisho ukiwa umeanzishwa, na sehemu ibaki mpaka logibuku iwe na jina lako.

Kulilinda, na kuliacha Mokowe

Kila wiki osha sehemu ya chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, robo saa, ukielekeza mpira kwenye matao na matundu ya chesisi. Ukiingia ufukweni, osha siku hiyohiyo. Pampu ya nguvu ishikwe mbali, sentimita 30 toka kwenye rejeta na mipira. Mara moja kwa mwaka, kabla kusi haijashika, gari likiwa kavu kabisa, nyunyiza nta ya mashimoni au mafuta ya sufu ya kondoo ndani ya chesisi na milango. Gari la ukubwa wa Prado hula lita nne hivi. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka chini kwa kuwa ni ya bure, ina asidi na huvimbisha mipira ya springi. Iache.

Anayekwenda Lamu hulaza gari Mokowe, akavuka kwa boti, na upande wa pili nembo yake haina kazi. Mjini ni miguu na punda. Likilala zaidi ya siku nne, osha chini kwanza, halafu liendeshe kidogo ukigusa breki ili diski zikauke. Liegeshe kwenye ardhi ngumu, mgongo wake kwa bahari, injini iepushwe na upepo. Weka gia ya P, tia mawe kwenye tairi, na breki ya mkono iache wazi, kwa sababu pedi zilizobanwa kwenye diski yenye chumvi hugandamana. Toa waya hasi ya betri kwa spana namba 10. Turubai la plastiki usilifunike: hufungia unyevu na asubuhi bodi hutoka jasho. Kitambaa kinachopumua ndicho, na kikikosekana, kivuli cha mwembe kinatosha mradi si msimu wa maembe.